Kichina cha Machimbo

Binti yangu alijifunza Kichina kwa kupigiwa kelele. Simsemi vibaya aliyemfundisha. Kwenye machimbo ya mawe hakuna namna nyingine ya kuongea, maana kresha, ile mashine inayomeza mawe na kutema kokoto, haimwachii mtu nafasi. Ukitaka maji ya kunywa, unapiga kelele. Ukitaka kumpa mwenzako pole ya msiba, unapiga kelele vilevile, tena mdomo umeufunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Nimefanya kazi pale mpaka nywele zikabadilika rangi, na hadi leo mke wangu ananiambia nipunguze sauti wakati tuko wawili tu sebuleni.

Mimi nilikuwa dereva wa kijiko. Nachota mawe yaliyolipuliwa, namwaga kwenye mdomo wa kresha, narudi kuchota. Kresha yenyewe ilikuwa chini ya mzee mmoja wa Kichina aliyeletwa na kampuni pamoja na mashine yake, na tulikuwa tunatania kwamba walisafirishwa kwenye kasha moja. Jina lake lilitushinda. Tukamwita Mzee Kokoto, naye akalipokea vizuri, akawa anajigonga kifua na kulitaja kila akifika mgeni. Mimi aliniita Kijiko. Kati yetu kulikuwa na maneno machache ya kwao niliyoyaokota kazini, ya jiwe na maji, mtoto na mashine, zima na washa, nzuri na mbaya, umekula na kesho. Kwa maneno hayo unaweza kufanya kazi na mtu nusu ya maisha yako usijue hata kama ana mke.

Aliyetuunganisha ni binti yangu. Mama yake alikuwa mpishi wa kantini pale machimboni, na mtoto akitoka shule alikuja moja kwa moja kwa mama yake, akala, kisha akapotea. Alikuwa anapanda kwenye kibanda cha kuendeshea kresha. Mzee Kokoto alimwacha mwanawe wa kiume kwao hajaota meno, kwa hiyo wangu alimwangukia kama zawadi. Alimwimbia, alimkaripia, alimfundisha kuhesabu magari ya kokoto yanayotoka getini. Sisi hatukujua kinachoendelea mle ndani. Tulijua siku mzee aliponifokea kutoka juu, mimi nimesimama nimekodoa macho, na mtoto akatoa kichwa dirishani.

"Baba, anasema wewe ni mpumbavu," alisema. "Jiwe ulilomwaga ni kubwa mno, litavunja meno ya mashine. Halafu kuna kitu amesema kuhusu bibi, hicho sijakielewa vizuri."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile akaitwa Redio, na jina likamganda hata nyumbani.

Redio hakuwa na mchujo. Kilichoingia sikioni kilitokea mdomoni, tusi kwa tusi, mzaha kwa mzaha. Kupitia kwake nilimweleza Mzee Kokoto mambo ambayo mke wangu hakuwahi kuyasikia, na yeye akanieleza jinsi mkewe alivyofariki akiwa yuko huku, habari zikamfikia zimeshachacha. Mambo mazito hayo yote yalipita kwenye mdomo wa mtoto mwenye mkoba wa shule mgongoni, anatafsiri huku anamenya chungwa, uso mkavu. Pengine haikufaa. Lakini ndivyo nilivyopata rafiki, na sikuwahi kupata mwingine wa namna ile.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua wakati huo, na hata ningelijua lisingenisumbua. Kichina cha Mzee Kokoto hakikuwa kile cha shuleni. Kilikuwa cha milimani kwao, ambako kila mwanamume ni mvunja mawe, na hata Wachina wenzake wa ofisini walikuwa wanakicheka. Mtoto wangu alikinywa hivyohivyo, pamoja na kelele zake na vumbi lake.

Kifua cha mzee kilipoanza kukorofisha, kampuni ilimrudisha kwao. Siku ya kuondoka alizima kresha mwenyewe, na sote tukasimama kama mabubu, hatujui kuongea kwenye ukimya. Baada ya hapo tukabaki na simu. Kila Jumapili mchana tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai mezani, Redio katikati, mimi kushoto, na mke wangu anapita na vyombo akilalamika kwamba majirani watadhani tunauana. Maana walivyokuwa wakiongea wale wawili, mzee na Redio, ni kana kwamba kresha bado inasaga katikati yao. Picha ilikuwa haipiti, mtandao wa milimani kule ni wa kubahatisha, lakini sauti ilipita na kuzidi.

Redio alisoma historia chuoni, akaajiriwa kufundisha sekondari, akawa mwalimu wa watu. Nilidhani safari imeishia hapo, na mimi nilikuwa nimeridhika. Siku moja akaniambia anataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika masomo ya Asia Mashariki, kwenye vyuo vya nje. Nikamuuliza Asia Mashariki imemkosea nini. Akacheka, kisha akanieleza akiwa makini. Alitaka kuandika habari za wavunja mawe wa milima ile ya Mzee Kokoto, jinsi walivyosambaa duniani na makresha yao, wakajenga barabara za watu na kurudi kwao na vifua vilivyooza. Alisema vitabu vya barabara vipo, vya kampuni vipo, vya viongozi ndiyo usiseme, lakini wao wenyewe hakuna aliyewauliza.

"Na wenyewe wako njiani kwisha, baba," alisema. "Wakiisha, nitamuuliza nani?"

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa upande wake, na nilitaka apate nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Kuomba chuo ni kazi ya shuruba. Mimi nilidhani unaandika jina na unasubiri. Kumbe kuna insha ya kueleza unataka kusoma nini na kwa nini, iandikwe ifutwe iandikwe tena, kuna walimu wa zamani wa kubembelezwa waandike sifa zako, na hao walimu wana kazi zao, wengine wanasahau, unawakumbusha kwa adabu huku moyoni unawaka. Redio alirudi kutoka shule anakofundisha, akasahihisha madaftari ya wanafunzi, kisha akakaa na maombi yake kwenye meza ileile ya kulia. Insha alinisomea. Aliniambia nikae kama profesa. Nikakunja nne na kuinua kidevu. Ilipofika pale anapomweleza mzee mmoja aliyemfundisha kuhesabu kwa magari ya kokoto, nikasahau uprofesa, nikaenda kusimama uani kidogo.

Kwa karatasi walimpenda. Vyuo vilivyomwita kwenye usaili vilikuwa vitatu, usaili wa kwenye kompyuta, wao kwao na yeye kwenye chumba chake cha kulala, kitanda kimefunikwa shuka nzuri ili kisionekane kitanda. Mimi na mama yake tulikaa sebuleni tumetega masikio. Mwanzo walizungumza Kiingereza na mambo yakaenda vizuri. Halafu wakageukia Kichina. Redio akawajibu, kwa Kichina anachokijua, na kwa sauti aliyofundishwa nayo.

Nilimsikia profesa mmoja, mwanamke, akicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha mtu aliyeshtuka. Baadaye Redio alisema yule mama alivuta kiti nyuma kana kwamba kompyuta imemrukia. Wakamuuliza amejifunzia wapi, akawaambia. Wakasema inapendeza sana. Kila chuo kilisema inapendeza sana, na kila chuo kikamkataa. Profesa mwenye miwani wa chuo cha tatu ndiye aliyekuwa na ubinadamu wa kumwambia ukweli, palepale kwenye usaili. Alisema mada yake ni nzuri kupita zote walizoona, na kusoma anasoma vizuri, lakini mwanafunzi wao lazima asimame mbele ya darasa na mbele ya wasomi wenzake aeleweke, na kwa Kichina kile hataeleweka. Akamwambia akirekebishe, kisha aombe tena mwaka unaofuata.

Nilikasirika. Nilizunguka nyumba nzima nikisema watu gani hawa, wanataka mtu akawachunguze wavunja mawe lakini asiongee kama wavunja mawe. Redio aliniacha nikamaliza.

"Baba, mimi mwenyewe kuna maneno waliyoniuliza sikuyaelewa," alisema. "Niko na lugha ya watu wa kijiji kimoja. Nikiingia maktaba au ofisi ya mtu kule, nitakuwa kama mgeni. Profesa hajakosea."

Akasema hivyo na uso wake ukiwa umenyooka, lakini chakula cha jioni hakukigusa.

Akatafuta mwalimu wa matamshi, dada mmoja wa Kichina anayefundisha kwa njia ya kompyuta, mpole wa sauti, mkali wa kazi. Alimfundisha Redio upya kama mtoto mchanga. Namna ya kuweka ulimi, namna ya kupandisha sauti na kuishusha, namna ya kuongea chini chini bila kukaza shingo. Redio alikuwa anajirekodi, anajisikiliza, anakunja uso, anarudia. Nyumba yetu iliyozoea makelele ikawa kama wodi. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiomba tupunguze sauti, ndiye wa kwanza kusema kimya hiki hakipendi.

Jumapili bado tulimpigia Mzee Kokoto, na kila baada ya Jumapili mwalimu alimkuta Redio ameharibika. Walichojenga wiki nzima kilikuwa kimebomoka. Baada ya muda yule dada akamwambia bila kuzunguka kwamba ulimi ule hauwezi kukaa na mabwana wawili. Achague. Kama anataka usaili, asiongee na yule mzee mpaka usaili upite.

Redio aliniletea habari hiyo nikiwa nafunga kamba ya kuanikia nguo. Hakunizunguka. Alisema anaomba tusimamishe simu za Jumapili, si kwa ubaya, kwa miezi hii tu, na akishapata nafasi ataongea na babu Kokoto kila siku ya Mungu kama ni lazima. Nilimwambia mzee yule ana kifua kibaya na mwanawe anashinda kazini, anaisubiri Jumapili kama chakula. Nikamwambia na mimi pia naisubiri. Hilo la pili lilinitoka kwa hasira kuliko nilivyokusudia.

"Najua, baba," alisema. "Ndiyo maana nakuomba. Ningekuwa sijui nisingekuomba."

Akampigia mara ya mwisho akamweleza mwenyewe. Sikuwa na haja ya kutafsiriwa. Mzee alipiga kelele kwa furaha, akacheka, akakohoa, akapiga kelele tena. Redio akasema mzee amemwambia aende akasome, asiwe na wasiwasi, yeye hana safari. Kisha simu ikakatwa na Jumapili zikawa siku kama siku nyingine.

Nilijikaza mpaka nikashindwa. Jumapili moja Redio akiwa chumbani na mwalimu wake, nilichukua simu nikaenda uani nikampigia mzee mwenyewe. Wazee wawili wenye maneno ya kuhesabika. Nikamuuliza amekula, akasema amekula. Akaniuliza nimekula, nikasema nimekula. Nikamuuliza mashine, akacheka sana, akasema mashine mbaya, na akajigonga kifua, nikasikia mshindo wake kwenye simu. Nilitaka kumuuliza amekwenda hospitali, daktari amesema nini, anapumua vipi akilala. Maneno hayo sikuwa nayo. Nikasema kesho, naye akasema kesho, na tukakaa kwenye simu kimya kila mtu anasikiliza mwenzake akipumua. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza kama koleo kwenye saruji kavu.

Nilirudi ndani nikawaambia wote wawili, mke wangu na Redio, kwamba mzee hali si nzuri. Redio alikaa kwenye kiti taratibu. Usaili ulikuwa umekaribia sana. Alilia, akachukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Mama yake ndiye aliyeinyanyua kutoka mkononi mwake na kuifunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapotunzia funguo. Alisema mzee mwenyewe amemtuma akasome, basi amalize alichotumwa, siku chache hazitaangusha mlima. Nilikubaliana naye. Sote tulikubaliana.

Siku ya usaili nilikaa sebuleni palepale. Safari hii hakuna aliyecheka. Kiingereza kilipoisha, Kichina kilianza laini, kinatiririka kama maji ya bomba, na nilichosikia kutoka kwa maprofesa ni kuitikia tu, ndiyo, ndiyo. Mke wangu akaniuliza kwa kunong'ona kama huyo anayeongea ni mwanetu au ni mmoja wao. Nilimwambia ni mwanetu, ila sikuwa na hakika. Redio alipotoka alikuwa ameloa jasho mgongoni na anacheka. Alisema yule profesa wa miwani alimpigia makofi.

Jibu lilikuja akiwa darasani. Aliniambia aliwaacha wanafunzi wanaandika, akatoka nje, akasoma kwenye simu, akarudi kuwafundisha mpaka kengele ikalia, sijui kwa roho ya aina gani. Chuo kimempokea, na ada na malazi ni juu yao. Mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Mimi nilimkumbatia mwanangu, nikamwinua kidogo kutoka chini kama nilivyokuwa nikimwinua kumpandisha kwenye kijiko, na mgongo ukanikumbusha umri wangu.

"Tumpigie," alisema. "Nimpe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote."

Haikuwa Jumapili, lakini nani alijali. Tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai, Redio katikati, mimi kushoto, na mke wangu safari hii akakaa. Simu ilipokelewa na mtoto wa mzee, yule aliyeachwa hajaota meno, sasa mtu mzima mwenye sauti ya uchovu. Waliongea na Redio kidogo. Yule kijana hakulelewa milimani tu, alifanya kazi mjini, kwa hiyo walielewana bila taabu. Redio akatugeukia akasema mzee haamki tena kitandani. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Dawa wanazompa zinamchanganya kidogo, lakini anasikia. Nikamwona Redio anajiweka sawa.

Simu ikasogezwa kwa mzee. Redio akaanza kuongea, polepole, laini, ana furaha inayotetemeka. Alimaliza, akasubiri. Mzee akajibu, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Sikuelewa neno lolote, lakini sauti ile niliijua. Bosi wa kampuni alipokuwa akija machimboni, Mzee Kokoto alishuka kwenye kresha, akavua kofia, akakunja mabega, na kuongea kwa sauti nyembamba ya mtu anayeogopa kukosea. Ukimwona hivyo unageuza uso kwa aibu. Alikuwa na sauti hiyo kwa ajili ya wakubwa tu, sisi hakuwahi kutuongelesha nayo. Na sasa rafiki yangu, amelala kitandani, pumzi inamkata, alikuwa anamwongelesha mwanangu kwa sauti ile.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anaishukuru ofisi kwa kumkumbuka," Redio alisema. "Anasema hana malalamiko. Anasema mashine aliiacha nzima."

Akarudi kwenye simu haraka. Nilisikia akitaja kijiko, akitaja kokoto, akijitaja mwenyewe. Mtoto wa mzee naye nilimsikia kwa nyuma akimweleza baba yake. Mzee alijibu tena kwa ileile sauti ya kofia mkononi, kwa adabu, kidogo tu. Redio hakutafsiri. Miaka yote ile hakuwahi kuruka neno, hata la kumtukana bibi yake, na sasa alikuwa anaiangalia simu tu.

"Redio," nikasema.

"Anasema yule mtoto anamjua. Alimfundisha kuongea yeye mwenyewe. Anasema yule mtoto haongei hivi."

Ndipo akajaribu. Alivuta pumzi, akakaza shingo, akapiga kelele kwa Kichina cha machimbo. Maneno yalikuwa yaleyale, nadhani, na sauti ilikuwa kubwa, lakini hata mimi nisiyejua nilisikia kwamba haikukaa. Ilikuwa kama mtu anayeigiza mlevi kwenye harusi. Ulimi ulikuwa umesahau njia. Alijaribu tena, kwa nguvu zaidi, na ikawa mbaya zaidi, na mke wangu akageukia ukutani.

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anasema nisimwige," Redio alisema. "Anasema wa ofisini walikuwa wanamwiga hivyohivyo."

Sijawahi kumwona mwanangu na uso ule. Hata alipokataliwa na vyuo vitatu hakuwa na uso ule. Nilivuta simu kwangu, nikaitia mdomoni karibu niimeze, nikapiga kelele kwa maneno yangu mabovu. Kokoto. Kijiko hapa. Mashine, washa.

Halafu kutoka kule mbali ikaja kelele, kelele yenyewe, ya juu ya kresha. Kijiko! Akanitukana tusi ninalolijua, nikamrudishia. Akaniuliza nimekula. Nikasema nimekula. Alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja, na mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, maana alikuwa ni yeye, na mwanangu alikuwa amekaa pale pembeni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yao.

Kisha mzee akauliza, polepole ili nielewe, kwa maneno niliyonayo. "Mtoto. Mtoto wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa. Mtoto hapa."

"Hakuna," alisema mzee, naye sauti ikaanza kushuka.

Redio alinisogelea, akaniwekea mdomo sikioni. Alininong'oneza neno moja la Kichina nisilolijua, akalirudia mpaka nikalishika, akaniambia maana yake ni shule. Nikalipeleka kama nilivyopewa, kwa ulimi wangu mzito na kelele zangu zote. Mtoto, shule. Akaninong'oneza lingine. Shule kubwa. Nikalipeleka na hilo. Shule ya mbali, nikapeleka. Amefaulu, nikapeleka. Ndivyo tulivyompa habari, yeye ananitia maneno sikioni na mimi nayapiga kelele, na mzee upande wa pili anaelewa kila kitu.

"Shule," alisema. "Nzuri. Nzuri. Nzuri."

Halafu akaanza kuongea mfululizo, kwa kile Kichina cha milimani, anapumzika, anaendelea, amesahau kwamba mimi ni Kijiko na sina maneno. Nikamtazama Redio. Alikuwa amejiinamia anasikiliza, machozi yanamwingia mdomoni, hayafuti.

"Anasema mtoto akitoka shule, umwambie ampigie," alisema. "Anasema asichelewe, kifua kinamsumbua."